Barua kwa mwanangu: hujapona mpaka uulize kilichopikwa

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako wa usiku. Unasema tangu uanze tena mazoezi ya zile mbio za kilomita 21 za huku Mombasa, kila ukiongeza kasi unaangushwa na mafua, koo linawasha, na mara hii ya mwisho umepata na homa. Unauliza ukaze mpaka mwili uzoee, au upumzike. Kisha ukamaliza: "Mbio ni mwezi wa tatu, Mama, sina muda." Nimeyarudia hayo maneno ya mwisho kuliko swali lenyewe.

La kukaza nitalijia. Kwanza niambie, nani amekwambia urudi pale pale ulipoachia? Ulipohamia Nairobi kazi ilikushika, viatu vikakaa chini ya kitanda zaidi ya mwaka. Sasa umevitoa na unataka kumfuata yule msichana aliyekuwa akitoka nyumbani alfajiri, anazunguka Lighthouse, anarudi akiulizia mahamri. Yule alikuwa kitandani saa tatu ya usiku. Ujumbe wako umeingia saa saba na nusu.

Usingizi si jambo dogo, mamangu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa watu waliotiwa virusi vya mafua puani kwa hiari yao, baada ya kupimwa usingizi wao. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 4 wa kushikwa na mafua kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Hao hata mazoezi hawakuongezewa.

Na kama hayo mazoezi yenyewe yanashusha kinga ya mwili, wataalamu wamebishana miaka. Mtafiti wa Marekani, David Nieman, na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji wa marathoni ya Los Angeles ya mwaka 1987: katika wiki iliyofuata, asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua, na kwa wakimbiaji wa aina yao ambao hawakushiriki ni asilimia 2.2 tu. Nilipokuwa mwalimu wa michezo nikiwaambia wenzangu hesabu hiyo kila muhula ukifunguliwa, pale walipotaka wasichana wangu wa netiboli wacheze mechi siku ya kwanza baada ya likizo. Halafu mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wakasema kinga haiporomoki kwa mazoezi. Zile chembe za kinga zinazopungua kwenye damu zimehamia mapafuni na tumboni kulinda huko, na anayeugua baada ya mbio huenda ameambukizwa kwenye msongamano, au safari na kukosa usingizi vimemchosha. Nimejaribu kuchagua nani ana haki, nikaona wote wanakusema wewe. Unakimbia kupita kiasi chako, unapanda matatu iliyojaa wanaokohoa, na hulali.

Lakini homa ndiyo inayonikosesha raha. Makocha wana kanuni ya shingo. Pua ikitiririka, unapiga chafya, koo linawasha kidogo, hayo yako juu ya shingo, unaweza kukimbia polepole. Yakishuka chini, kifua kikabana, misuli ikauma, tumbo likaharibika, au homa ikapanda, unalala. Na wewe ulikuwa huku kwa arusi ya binamuyo juzi juzi, umekaa uani usiku kucha miguu wazi. Usiseme ni mazoezi kabla hujapimwa malaria. Hata ile homa ya chikungunya ya mwaka 2018 iliyotupinda viungo nyumba nzima, babako alianza kwa kusema ni uchovu wa kubeba magunia. Na ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usinipigie mimi, nenda hospitali saa ileile. Hiyo ni misuli imevunjika na figo zimeelemewa, na huwapata hasa wanaorudi kwa kishindo baada ya kukaa.

Wewe unamjua mjombako kwa kofia yake na redio yake. Mimi namjua kwa mguu wake wa kushoto. Alikuwa winga wa timu ya mtaa, Tononoka nzima ikimjua. Wiki ya fainali alishikwa na homa kali, nyanyako akawa anamkanda kwa maji usiku na mchana. Homa ilishuka Jumanne. Jumatano kocha akaja na kopo la glukosi, akaketi barazani akanywa kahawa, akamwambia nyanyako, "Mama, ni dakika 90 tu." Kisha akamchukua ufuoni kumrudishia pumzi: mbio fupifupi kwenye mchanga mzito, kwenda na kurudi, Jumatano ile na Alhamisi, ili zile siku alizolala zilipwe.

Mimi nilisema hajapona. Nilisema kwa sababu hakuwa ameuliza kilichopikwa. Unaijua kanuni yangu, nimekulea nayo: mtu hajapona mpaka aulize mwenyewe kilichopikwa. Wakanijibu kwamba Ijumaa alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaongeza. Kweli alikula. Lakini alipakuliwa, na kocha ameketi mbele yake anamhesabia matonge. Kula ni jambo moja na kuuliza ni jambo jingine. Au pengine naitetea kanuni yangu tu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na ugonjwa ndani na njaa akawa nayo. Shauri hili sijalimaliza na nafsi yangu mpaka leo.

Akacheza. Kipindi cha pili mpira ulipigwa kutoka nyuma, akautuliza kwa kifua karibu na kibendera cha kona, akamwacha beki wao amekaa chini, akaingia ndani, akaupiga chini chini nguzo ya mbali. Haki niiseme: nimetazama mpira mwingi kwenye televisheni tangu siku ile, bao tamu kama lile sijaliona. Nikilitaja tu moyo wangu hufurahi. Watu wakamiminika uwanjani. Yeye hakukimbia kushangilia. Alishika nguzo ya goli kwa mikono miwili, soksi moja imeshuka, midomo imekuwa ya kijivu, na mshipa wa shingo unadunda hata mimi niliyekuwa kwenye mstari niliuona.

Usiku ule hakuweza kulala chali. Alikesha ameegemea ukuta, akilala kidogo pumzi zinakata. Alfajiri miguu ilikuwa imevimba. Daktari akasema ile homa ilikuwa imeingia kwenye msuli wa moyo, na zile mbio zimeuchochea uvimbe. Mpaka leo mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huzuiliwa michezo miezi 3 hadi 6. Nyumba yetu ya Mji wa Kale unazijua ngazi zake. Alizipanda akikaa kila baada ya hatua chache, kijana aliyekuwa akiziruka. Kocha aliyeleta glukosi kabla ya mechi hakuleta hata pole baada yake. Lile kopo lilikaa juu ya kabati likapata kutu, nyanyako hakutaka litupwe.

Moyo ulipona, alhamdulillahi. Uwanjani hakurudi.

Sasa nikukumbushe tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa kwetu, uwanja wa gofu. Ulikuwa mabegani mwa babako, unalia kiu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa hajashindwa mbio hizo ndefu tangu 2002. Fukuto lilivyokuwa siku ile, wanariadha walikuwa wakianguka mbele ya macho yetu. Mzunguko wa mwisho Bekele akasimama, akatoka njiani, Zersenay Tadese wa Eritrea akaenda kushinda. Mjombako alikuwa kando yangu. Akasema, "Angemaliza tu." Nilimtazama, jibu likanikwama kooni. Mwaka uliofuata Bekele akashinda tena kule Edinburgh, na Agosti akachukua dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000 Beijing. Nilimpelekea mjombako gazeti. Akalisoma, akalikunja, akaniuliza habari za bei ya samaki.

Na wewe unataka kuja kukimbia katika joto lilelile la Machi kutoka baridi ya Nairobi. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea, na wewe utashuka na treni ya Ijumaa.

Ulimi unaniwasha kukwambia uache. Lakini uliponiandikia kwamba umeanza tena, nilifurahi kuliko siku ulipopandishwa cheo, na sitaki niwe mimi wa kukurudishia viatu chini ya kitanda. Kwa hiyo neno hilo silisemi. Nasema homa iishe kabisa, bila vidonge vya kuishusha, uulize kilichopikwa, ndipo uanze kwa kutembea. Na unapokimbia, kimbia nusu ya unachodhani unaweza. Mbio za mwezi wa tatu utaamua mwenyewe, ingawa unajua ninachokitaka.

Mpigie mjombako umuulize na yeye. Atakwambia ukimbie, namjua. Akimaliza, mwambie akusimulie zile ngazi. Na kesho nataka simu, si ujumbe, uniambie malaria umepimwa na majibu yamesemaje.

Mamako