Maswali ya Wasomaji: Alama za Masavea

SWALI: Nikisafiri kati ya Mombasa na Malindi hutafuta vinguzo na bikoni (alama za mipaka ya ardhi) za masavea, yaani wapima ardhi, na kuzipiga picha. Nikifuata ramani ya zamani naikosa alama, na nikiipata, namba zake hazisomeki pichani. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ramani za karatasi za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu yako hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za gridi, zinazotaja mahali kwenye ramani, bila kuzibadilisha, utaangukia takriban mita 300 kaskazini mwa alama na karibu mita 100 magharibi yake. Kwenye programu ya ramani chagua Arc 1960, kanda ya gridi ya UTM 37 Kusini, ndipo uandike namba. Ukifika, tulia dakika mbili mahali peupe simu ikamate setilaiti vizuri. Katika vichochoro vya Mji wa Kale mawimbi ya setilaiti hudunda kwenye kuta, kwa hiyo huko tegemea macho zaidi.

Kuhusu picha, adui wako ni jua la adhuhuri. Herufi zilizochorwa kwenye saruji huonekana kwa kivuli chake, na jua likiwa utosini kivuli hakuna. Nenda saa 1 hadi saa 2 asubuhi, au baada ya saa 10 na nusu jioni. Ukilazimika mchana, itie alama kivuli kwa leso, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, karibu ilale juu ya saruji. Flashi ya simu usiiwashe, maana humulika kutoka mbele na kufuta kila kitu. Piga picha tatu: ya hatua kumi, yenye mti au ukuta wa kutambulisha mahali, ya mita moja, na ya kutoka juu yake moja kwa moja, pembeni ukiweka rula.

Mchanga uondoe kwa brashi laini na maji. Brashi ya waya hula herufi. Usichimbue wala kutikisa chuma cha bikoni: mpaka wa shamba la mtu unategemea pale kilipo, na Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inahesabu kuharibu au kuhamisha alama kuwa kosa.

SWALI: Mnara wa Mbaraki nao ni alama ya upimaji?
Msomaji, Tudor

JIBU: La. Ule ni mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, kando ya msikiti. Nguzo ya masavea ni ya zege, na kwenye ramani huonyeshwa kwa pembetatu.

SWALI: Wenyeji wananishuku nikiinamia bikoni. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Wana haki. Pwani hii watu wamepoteza ardhi, na mgeni anayepiga picha mpaka wa kiwanja huonekana mnyakuzi. Piga hodi kwanza kwa mwenye kiwanja au mzee wa mtaa, mwonyeshe picha zako za kwingine, na akikataa ondoka. Picha ya bikoni ya mtu usiiweke mtandaoni pamoja na namba zake za gridi. Nguzo za vilimani hazina tatizo hilo. Bandari ya Kilindini na kambi ya wanamaji ya Mtongwe usizikaribie na kamera bila kibali. Ukienda kutafuta alama za ufukweni, subiri maji yapwe: wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya au mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakijaa hukukatia njia ya kurudi.