DC sio hakimu

Kaka umeuliza kwamba kama DC, yaani mkuu wa wilaya, ana uwezo wa kumweka mtu ndani, kwa nini asimalize tu na kesi ya shamba la mzee hapo Kasulu. Hapana aisee, DC ni serikali, sio mahakama. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuagiza mtu akamatwe akiona amani inataka kuvunjika, ila ndani ya saa 48 lazima huyo mtu afikishwe kwa hakimu, la sivyo anaachiwa. Nani mwenye shamba hilo hawezi kuamua yeye, akikaa kuwasuluhisha ni sawa tu, hukumu ni kazi ya chombo kingine. Katiba ya Tanzania ibara ya 4 ndo imegawa hivyo, utendaji serikali, haki mahakama, sheria bunge, ingawa kusema ukweli kwetu mgawanyo wenyewe umechanganyika maana mawaziri wote wanatoka humohumo bungeni na majaji wanateuliwa na rais, mi hapo naona kuna walakini. Mwambie mzee aanzie baraza la ardhi la kijiji, kisha kata, asipokubaliana aende la wilaya.