Kugo aliandika ng'ombe wote, shamba hakuliandika

Jumanne iliyopita mahakama hapa Nakuru ilithibitisha mirathi ya Kugo, babu yangu. Nilitoka na karatasi mkononi, nikaketi kwenye ukuta mfupi karibu na wauza njugu, nikalia mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimefiwa, ila ni tangu Agosti 2020.

Usiku huohuo nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Eldama Ravine. Baba yake ana miaka 91, boma lina ng'ombe zaidi ya 80, na ndugu zake wa kiume wameshaanza kuwataja ng'ombe wa nani ni yupi mzee akiwa bado anakunywa chai yake mlangoni. Ameona picha za boma letu la Rongai, akaniuliza: "Mlifanyaje mpaka mzee wenu akaishi miaka mingi hivyo na boma likabaki moja?"

Dada yangu, boma letu halikubaki moja. Lakini nitakujibu hapa mbele ya wote, kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma mnatamani kile nilichokitamani mimi: ng'ombe wa ukoo waendelee kuwa wa ukoo, na mzee aende kwa heshima.

Kugo alizaliwa karibu na 1922. Aliingia Keya mwaka wa 1942. Keya ndivyo wazee wetu walivyoita King's African Rifles, na Kiswahili chake chote kilikuwa cha huko, cha amri, kisicho na mapambo. Alipanda meli Mombasa mwaka wa 1943 kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Meli yake ilifika salama. Februari ya mwaka uliofuata meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika njia hiyohiyo, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Kugo alikuwa na marafiki ndani yake. Hakuwahi kutaja majina yao mbele ya watoto.

Vita vyake vilikuwa Burma, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944. Ukimuuliza vita, alikusimulia tope. Tope la magoti, malaria, na jinsi walivyovuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba. Na alikusimulia ng'ombe! Ng'ombe wa Burma wana nundu kama wa kwetu, alisema, weupe, wanavuta mikokoteni ya mpunga, na aliwahi kusimama kumtazama mmoja mpaka sajini akamfokea. Mtu yuko vitani, maelfu ya kilomita kutoka kwao, na jicho lake bado linapima mgongo wa ng'ombe. Huyo ndiye Kugo.

Alirudi 1946 na medali. Wazungu waliotoka vita vilevile walikuwa wakipewa mashamba kwa mikopo ya serikali. Yeye alipata kazi ya kuchunga kwenye ranchi ya mmoja wao. Mwaka wa 2019 habari zilitoka kwamba askari Waafrika walilipwa kwa rangi ya ngozi, na Mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Nilimsomea taarifa ile pale mlangoni, mikono yangu ikitetemeka kwa hasira. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yule mtamba wa ng'ombe wetu Lelkut amezaa.

Kwenye ranchi hiyo alifika kuwa mnyapara wa ng'ombe. Alijifunza josho la kila wiki, kwa sababu kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, na ndama akishavimba tezi chini ya sikio una siku chache tu. Alijifunza pia kwamba huku kwetu ng'ombe anaweza kusimama kwenye nyasi za kijani akakonda mpaka akafa. Udongo wetu wa Bonde la Ufa una sehemu zenye upungufu wa kobalti, na wataalamu waliupa ugonjwa huo jina la mji wetu, Nakuruitis. Dawa yake ni chumvi yenye madini. Mpaka anakufa, Kugo hakuwahi kuacha jiwe la chumvi likaisha bomani, hata miezi ambayo sukari iliisha nyumbani.

Mwaka wa 1965 yeye na wenzake watano walinunua shamba la Mzungu aliyekuwa anaondoka, upande wa kuelekea Mogotio. Fungu lake lilikuwa ekari 280. Miaka ya katikati nitairuka, maana ilikuwa ya kazi tu: fahali wa Sahiwal, maziwa, karo za watoto saba. Ila 1984 siwezi kuiruka. Ukame ule ulimkuta na ng'ombe 160, ukamwachia 47. Baba yangu aliniambia kwamba jioni, Kugo alikuwa akisimama kwenye lango la boma na kuwaita kwa majina, waliopo na waliokufa, kama mtu anayeita askari kwenye mstari.

Watu huniuliza alikula nini akafika miaka 98. Alikula ugali na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kama wenzake waliokufa na 60. Mimi naamini ni lile lango. Kila asubuhi kabla ya jua alikuwa na kazi ya kuhesabu, na kila jioni alikuwa na kazi ya kuhesabu. Ukimwondolea mzee kazi yake kwa kisingizio cha kumpumzisha, unamzika. Wengi mnafanya hivyo. Mnamnunulia baba kiti kizuri, mnamweka mbele ya televisheni mjini, mnashangaa mwaka haujaisha ameshuka. Mwache ahesabu! Akikosea, hesabu naye tena.

Sasa nije kwenye daftari.

Mwaka wa 2009 nilimaliza masomo Njoro, kazi sikupata, nikarudi nyumbani na aibu yangu. Kugo alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona vizuri tena. Jioni moja aliniita: "Mama, lete kalamu." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Akaanza kunitajia ng'ombe mmoja mmoja: jina, rangi, mama yake, fahali, mwezi aliozaliwa, na kama amepewa mtu, amepewa nani na kwa sababu gani. Tuliendelea hivyo miaka 11. Madaftari ya shule, yale ya kurasa 96, yalifika 11. Kila mwisho wa mwezi nilimsomea yote, kisha akatia kidole gumba kwenye wino wa muhuri na kukibandika chini ya ukurasa. Wazo la kidole lilikuwa lake. Alisema jeshini kitu kisichotiwa sahihi hakijatokea.

Baba zangu wadogo walinicheka. Baba yangu alikuwa ameshafariki tangu 2003, kwa hiyo hakukuwa na wa kunitetea. Mmoja aliniambia mbele ya wageni, "Wewe utaolewa, ng'ombe wa watu unawaandikia nini?" Nakiri kwamba maneno hayo bado yananichoma. Sijayasamehe vizuri.

Na hapa ndipo penye kosa langu. Desemba 2016 Kugo aliwaita wazee wanne na watoto wake wote chini ya mgunga. Kwa fimbo yake akaonyesha nani atakaa wapi. Akasema wazi kwamba josho, kisima na mahali pa chumvi vibaki vya wote, pasiwe na ua. Wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa nikipitisha chai. Daftari lilikuwa ndani, hatua 30 tu. Sikulileta. Niliona aibu, nikaona kuandika maneno ya mzee kuhusu kifo chake ni kama kumwita kifo aje. Niliandika ndama wangapi walizaliwa wiki hiyo. Shamba sikuliandika.

Alipokufa, nyasi hazijaota kaburini, mmoja wetu alipeleka maksai 9 mnadani. Mwingine akaanza kupima. Tulipofika kwa wakili, nikamwambia kwa kujiamini kwamba mzee alisema mbele ya mashahidi zaidi ya kumi. Wakili akanieleza kitu ambacho natamani kila mtu mwenye mzee nyumbani akijue: Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, lakini aliyeutoa lazima afe ndani ya miezi mitatu. Kugo aliishi karibu miaka minne baadaye. Uzima wake ndio uliofuta maneno yake. Kisha akaniambia kwamba sheria hiyo inamlegezea masharti askari aliye vitani. Nilinyamaza. Kugo alikuwa ameacha vita mwaka wa 1946.

Kwa hiyo machoni pa sheria hakukuwa na wosia, na pasipo wosia wala mjane, mali inagawiwa watoto wote sawasawa. Wote. Baba zangu wadogo walipinga kwamba shangazi zangu watatu waliolewa. Mahakama ya Rufaa ikiwa Eldoret ilishalisema hilo mwaka wa 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, kwamba binti naye ni mrithi, na Katiba ya 2010 ikalikazia. Sisi watoto wa marehemu baba tuliingia katika nafasi yake. Na yule wa maksai alielezwa kwamba kugusa mali ya marehemu bila hati ya mahakama ni kosa la jinai, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Hatukumpeleka polisi. Alilipa kwa mitamba.

Upande wa ng'ombe tulikaa na mpatanishi siku mbili tu. Kila mmoja alikuja na orodha yake ya ng'ombe "alizopewa na mzee". Nikafungua mfuko, nikaweka madaftari 11 mezani. Shangazi mkubwa alidai ng'ombe mmoja, wakamcheka. Daftari la saba, Machi 2014, maneno ya Kugo: "Mtamba wa kwanza wa Lelkut amepewa binti yangu mkubwa kwa sababu aliniuguza nilipovunjika nyonga." Chini yake kidole gumba. Mtamba huyo alikuwa amezaa ndama watano, wote wakaenda kwake. Baba mdogo yule aliyenicheka alisema ni maandishi ya mtoto. Mpatanishi akamwambia avitazame vidole. Alivitazama kurasa nyingi, akavua kofia. Sitadanganya kwamba sikujivunia. Nilijivunia, na bado najivunia.

Shamba lilichukua miaka mitano. Barua ya chifu, cheti cha kifo, upekuzi wa hati, tangazo kwenye gazeti la serikali na kungoja siku 30 za pingamizi, pingamizi likaja kweli, jalada likapotea, likapatikana. Ekari 280 zimekatwa vipande saba vya 40. Josho limeangukia kipande cha mmoja, kisima cha mwingine, na seng'enge imeshapita katikati ya mahali pa chumvi. Ng'ombe wazee wakifunguliwa asubuhi bado wanafuata njia yao ya zamani, wanafika kwenye waya, wanasimama.

Ndugu zangu, andikeni. Mnajua kulipia hema za harusi, mnajua kuchangisha mazishi ya laki tano, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza baba yake swali moja akaandika jibu. Mnaogopa. Hata mimi niliogopa, na nimelipia woga huo miaka mitano ya maisha yangu. Wosia ulioandikwa hauhitaji makubwa: mzee atie sahihi au alama yake mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yake. Mashahidi wasiwe warithi. Mlete mtu wa kanisa, mlete jirani. Andikeni shamba, andikeni njia ya maji, andikeni kisichopaswa kukatwa. Kisha andikeni na hadithi zake, maana za Burma nilizonazo zinajaa kurasa nne tu, na mengine yote alikwenda nayo. Aliniita kila jioni miaka 11 na sikuwahi kumuuliza majina ya wale waliokuwa kwenye meli.

Na msimwandikie mzee asichosema. Nimeona familia ikimshika mkono baba aliyelala hospitalini ili atie kidole. Huo ni wizi, na watoto wenu wanawatazama.

Dada wa Ravine, baba yako bado anakunywa chai. Anza na ng'ombe, usianze na shamba. Mzee akiulizwa ng'ombe hufunguka, na mkishafika ukurasa wa kumi mwenyewe ataanza kusema mambo ya ardhi. Akianza, usiende kupitisha chai. Kaa. Ukishanunua daftari nitumie ujumbe, Jumamosi nitapanda matatu nije, nikuonyeshe jinsi tulivyokuwa tukipanga kurasa. Wino wa muhuri usinunue, kile kikopo cha Kugo bado ninacho na hakijakauka.