Mhusika asiyetikisika: maswali ya wasomaji wanaoandika riwaya

SWALI: Katika riwaya yangu kuna mzee asiyebabaishwa na lolote. Nimeeleza mara nyingi kwamba ametulia, lakini waliosoma mswada wanasema yuko kama gogo. Waandishi wa zamani walifanyaje?

JIBU: Anza kwa kufuta. Ondoa kila "kwa utulivu", "bila wasiwasi" na "bila kutetereka", kisha uangalie kilichobaki. Kama hakibaki kitu, basi mzee huyo ametulia kwa kauli yako tu.

Utulivu hupimwa kwa hatari ambayo msomaji ameiona na kwa watu wanaotetemeka kando yake. Katika Kisiwa Chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson (1883), baharia mlevi anapiga meza ili watu wanyamaze. Wote wanafyata, ila Daktari Livesey anaendelea na mazungumzo yake huku akivuta kiko. Baadaye baharia anachomoa kisu. Daktari hasogei hata kidogo. Anamjibu kupitia begani, kwa sauti ileile, ameipandisha tu ili chumba kizima kisikie: kisu kisiporudi mfukoni, mwenyewe atanyongwa mahakama itakapokaa. Stevenson hatimaye anataja kwamba sauti ilikuwa tulivu, lakini kiko na bega vimeshafanya kazi. Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye miswada ni kuwatuliza wote waliomo chumbani. Hapo msomaji anakosa kipimo.

Ugogo una sababu nyingine pia: hakuna ufa. Joseph Conrad, katika Typhoon (1902), anatupa nahodha MacWhirr, mtu asiyejaliwa kuwaza yasiyokuwa mbele ya macho yake. Hofu yetu anaibeba msaidizi wake, Jukes. Katikati ya tufani nahodha anaingia peke yake katika chumba chenye giza, anawasha kiberiti kusoma barometa, kisha anakirudisha kiberiti mahali pake. Kabla hajaondoa mkono linamjia wazo kwamba huenda hatakihitaji tena. Anasema, karibu kwa kunong'ona, kwamba asingependa kuipoteza meli. Basi, hakuna machozi wala hotuba. Mpe mzee wako ufa mmoja wa namna hiyo, akiwa peke yake, hatari ikiwa imeshakolea. Ukiutanguliza mapema mno, au ukiurudia kila sura, umepata mtu mwoga wa kawaida.

SWALI: Je, utulivu unaweza kuchekesha?

JIBU: Sana. Phileas Fogg wa Jules Verne anamfukuza mtumishi kwa sababu maji ya kunyolea yalikuwa na nyuzi 84 za Fahrenheit badala ya 86. Jioni ya siku hiyohiyo anaondoka London kuizunguka dunia kwa siku 80, bila uso wake kubadilika. Kichekesho kiko katika ukali kwa jambo dogo na ubaridi kwa jambo kubwa.

SWALI: Mhusika wangu ana huzuni nzito na hataki ionekane. Msomaji ataijuaje?

JIBU: Msomaji aingizwe moyoni, wahusika wengine waachwe nje. Jane Austen alifanya hivyo katika Sense and Sensibility (1811): Lucy Steele anamwambia Elinor kwa siri kwamba amechumbiwa na Edward, mwanamume ambaye Elinor anampenda. Msimulizi anatuonyesha pigo hilo, lakini nyumbani hakuna anayeshtukia. Ukweli unapofichuka baada ya miezi 4, Marianne, aliyemdhania dada yake kuwa na moyo mkavu, anaumbuka. Angalia pia kwamba Elinor aliahidi kutunza siri. Bila ahadi au sababu nyingine ya kunyamaza, msomaji atauliza kwa nini hasemi.

Mbinu hii huenda vizuri na nafsi ya tatu. Ukisimulia kwa "mimi", usimwache msimulizi ajisifie uvumilivu, kwani hataaminika. Mfanye atazame vitu vidogo kupita kiasi wakati habari mbaya inasomwa, kama kifungo kilicholegea au wino uliovuja, halafu ajibu swali aliloulizwa kwa maneno machache kuliko kawaida yake.