Mtunza stoo wa miaka 12 kaanza kuchelewa na mzigo unapungua: soma hii kabla hujaandika barua ya kumwachisha

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Umepandishwa kuwa msimamizi wa ghala hapo Barabara ya Nyerere, umemkuta mtunza stoo, mzee wa watu, ana miaka 12 kazini. Kwa miezi miwili sasa anaingia saa tatu badala ya saa moja na nusu, na hesabu ya mwisho imeonyesha katoni za mafuta ya kula zimepungua. Bosi anataka mwisho wa mwezi mzee awe nje, na wewe unaomba mfano wa barua ya kumwachisha kazi, tena unauliza atalipwa nini.

Barua hiyo sitakupa. Kazi ya utumishi ndiyo inayonilisha, nimeifanya kwenye kampuni za mizigo hapa Dar kwa miaka mingi, na nimeona barua za namna hiyo zinavyomgeuka aliyeziandika.

Una mambo mawili hapo, na bosi wako kayafanya moja. Kuchelewa kuna njia yake na upotevu una njia yake. Ukiyatia kwenye barua moja, tayari umeshaamua kuwa mzee ni mwizi kwa sababu anachelewa.

Tuanze na kuchelewa. Mtu aliyewahi kazini miaka yote hiyo haamki siku moja akawa mvivu. Muulize. Ila wewe ni kijana, yeye ni mzee, na wapakiaji wote wanawatazama, kwa hiyo angalia unavyomuuliza. Shikamoo yako ya asubuhi isikatike eti kwa sababu umekuwa mkubwa wake wa kazi. Usimsimamishe getini. Mwite ofisini, funga mlango, mpe kiti, mwambie: "Mzee wangu, naona siku hizi unachelewa na haikuwa kawaida yako, kuna nini?" Halafu nyamaza. Akikujibu juujuu usimkabe, mwite tena baada ya siku mbili tatu. Mtu mzima hamwagi yaliyomo moyoni mbele ya kijana kwa kuulizwa mara moja.

Yadi moja ya Vingunguti tulikuwa na dereva wa Fuso, kijana mtulivu, ghafla akaanza kuchelewa. Msimamizi wake alikuwa na barua ya tatu ya onyo mkononi. Nilipokaa naye mara ya kwanza alisingizia foleni ya Gongo la Mboto. Mara ya pili akafunguka. Alikopa zile pesa za kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, alipe ada ya mtoto, riba ikamzidi, na vijana wanaokusanya marejesho wakawa wanamvizia getini asubuhi kwa kuwa wanajua saa ya kuingia. Alikuwa anafika mapema vizuri tu. Anakaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, anawatazama, anasubiri waondoke ndipo avuke. Barua ngapi za onyo zingemvusha ile barabara? Tuliongea na walinzi wasiruhusu wadai kukaa getini, uhasibu ukampa advansi ya mshahara, akasaini mwenyewe kukatwa kidogo kidogo. Wiki iliyofuata gari lake ndilo lilikuwa la kwanza kutoka.

Sisemi kila anayechelewa ana mkasa. Wazembe wapo. Ukishamsikiliza na sababu haina kichwa wala miguu, mpe onyo, liandike, asaini, mpe muda wa kujirekebisha. Hapo huna haja ya kufokeana na mtu.

Sasa upotevu, na hapa naomba utulie. Mzee anaingia saa tatu. Ghala linafunguliwa saa moja na nusu. Nani anafungua? Funguo ziko ngapi, na anayefungua anasaini wapi? Kwa saa moja na nusu kila asubuhi stoo iko mikononi mwa mtu ambaye bosi wako hajamtaja kabisa. Kabla ya kumgusa mzee, chukua leja, chukua hati za kupokelea na kutolea mzigo, tafuta ni tarehe zipi hesabu ilianza kuachana, kisha linganisha na daftari la mlinzi getini. Hesabu mzigo upya mbele ya mzee na mbele ya mtu wa uhasibu. Mkiona uchunguzi unahitaji asiwepo, msimamisheni kwa muda, lakini kwa mshahara kamili. Na bosi asithubutu kumkata mshahara kufidia katoni kwa hasira tu: sheria inataka apewe maelezo ya deni kwa maandishi, apewe nafasi ya kulipinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake.

Uchunguzi ukimwangukia mzee, itisheni kikao cha nidhamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mambo mawili, sababu ya haki na utaratibu wa haki, na Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zimeufafanua huo utaratibu. Apewe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa. Apewe si chini ya saa 48 kujiandaa. Aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti awe kiongozi ambaye hakuhusika na tukio, maana yake wewe hapana, na bosi aliyekwisha kutamka "aondoke" hapana. Aulize mashahidi maswali, ajitetee, apewe uamuzi pamoja na sababu, na aambiwe ana haki ya kukata rufaa. Muhtasari wa kikao uandikwe siku hiyohiyo, watu wasaini.

Bosi atakwambia huo ni usumbufu. Mweleze kuhusu CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko, na kule ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Kampuni moja niliyopita ilimfukuza karani kwa simu, jioni, baada ya kelele za ofisini. Dada wa watu akaenda CMA. Msuluhishi alipoomba barua ya tuhuma na muhtasari wa kikao, upande wetu haukuwa na hata karatasi moja. Wakaishia kumlipa, na inawezekana kabisa tuhuma zenyewe zilikuwa za kweli.

Tena kuna wale wengine waliobaki ghalani. Mzee wa miaka 12 akitupwa nje bila kusikilizwa, kila mpakiaji atajua zamu yake inakuja vilevile, na hutapata tena mtu wa kukunong'oneza nani anatoa mzigo usiku.

Mwisho suala la malipo, kwa sababu uliliuliza. Mkimwachisha kwa sababu nyingine isiyo utovu wa nidhamu, analipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa kikomo cha miaka 10, kwa hiyo wa kwako ni siku 70. Kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kuna likizo ambayo hajaichukua, na hati ya utumishi, ile karatasi ya kuthibitisha alifanya kazi kwenu, ni haki yake hata kama ameondoka kwa kosa. Ukishajua nani anafungua stoo asubuhi, rudi hapa utuambie, tuone kama kuna barua ya kuandika na inamhusu nani.