Ukimpa vijiwe, usimsomee maana

Swali: Nasimamia washauri nasaha kwa mkabala unaomweka mtu katikati. Siku hizi nawapa vijiwe na vifungo vya nguo wapange hali ya kazi yao na mteja. Mmoja hupanga vizuri, lakini nikianza kumweleza ninachokiona, ananyamaza. Nakosea wapi?

Jibu: Hapo hapo kwenye kumweleza. Ukisema "naona umejiweka mbali na mteja", umempa maana ya kitu alichokipanga yeye, na kikao kijacho atapanga cha kukuridhisha. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha mkabala huo, aliandika mwaka 1957 kuhusu ukweli wa nafsi, kumkubali mtu bila masharti na kumwelewa kwa macho yake mwenyewe. Hayo mshauri naye anayahitaji kutoka kwako, si mteja peke yake.

Kwenye kikao cha saa moja, dakika 20 za vijiwe zinatosha. Kabla hajagusa kitu, mwulize anataka kuelewa nini kuhusu kazi hii. Bila swali, vijiwe hugeuka mchezo. Tandaza karatasi kubwa iwe mpaka. Achague mwenyewe kijiwe cha mteja, chake, na cha yeyote mwingine aliyemo, hata wewe. Mikono yako ibaki magotini! Kisha uliza kinachoonekana tu: "Hiki cheusi umekilaza ukingoni. Hebu nieleze habari zake." Baadaye: "Ukikisogeza, nini kinabadilika?" Akikaa kimya dakika nzima, mwache. Anafanya kazi.

Hisia zako usizifiche, ila ziseme kama zako: "Nikitazama hapa nabanwa kifua, sijui kama kwako lina maana." Yaliyomo kati yake na mteja wakati mwingine hujirudia kati yenu wawili, kwa hiyo huenda ulilohisi likamsaidia. Akilikataa, liache.

Dakika 10 za mwisho ni za kurudi kwa mteja: atakapoonana naye tena, afanye nini tofauti? Vijiwe avikusanye mwenyewe. Picha ipigwe kwa ridhaa yake, bila jina la mteja.

Mteja akiwa hatarini kujidhuru, au mtoto akiwa anaumizwa, weka vijiwe pembeni. Uliza waziwazi, fuateni utaratibu wa usalama, mwandike mlichoamua.

Swali: Na asiyetaka kupanga vijiwe?

Jibu: Asilazimishwe. Mwulize hivi: "Mteja wako angekuwa hali ya hewa, angekuwa ipi?" Hilo nalo likimkera, zungumzeni tu.