Nunua doti kwanza, rangi ya ukuta baadaye

Watu wengi wakihamia nyumba huanza na ukuta. Wanachagua rangi kwenye kadi dukani, wanapaka, kisha wanazunguka Kariakoo nzima kutafuta pazia la kuendana nayo, na hawalipati. Kanga ikishatoka kiwandani rangi zake ndizo hizo hizo, ila rangi ya ukuta inachanganywa mpaka ifike unapotaka. Anza na kitambaa unachokipenda kweli, hata kama kimelala kabatini tangu harusi ya dada.

Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Kwenye dirisha la 120 kwa 120, wengi hukosea urefu. Ukiitundika jina lisomeke, inashuka 110 tu, na ukitoa mikunjo ya juu na chini unabaki na kama 90, dirisha liko wazi. Ukiigeuza, urefu unatosha ila wageni watasoma jina kwa kuinamisha shingo. Dawa yake ni kuunga marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi: kipande cha sentimita 20 juu na cha 46 chini, humo ikiwemo 10 ya mkunjo kila upande. Mishono miwili ya kuunga ikishakula kama 6, pazia likikamilika lina urefu wa 150. Doti moja inakupa vipande viwili, jumla upana wa karibu 300, yaani mara mbili na nusu ya dirisha. Pazia likiwa chini ya mara mbili halipati marinda, linaning'inia kama shuka lililoanikwa.

Kabla ya mkasi, loweka kanga usiku mmoja kwenye maji baridi, kila moja peke yake, na uianike kivulini. Nyekundu na nyeusi huchuja. Marekani nayo ifue, maana hurudi kuliko kanga. Ukiziunga bila kuzifua, mshono utajikunja baada ya ufuaji wa kwanza. Dirisha linalopigwa na jua la jioni liwekee bitana ya marekani nyuma, la sivyo kanga itapauka.

Soma jina vizuri pia. Kanga ya kijembe sebuleni itamfanya wifi aamini kalengwa yeye, na hutamshawishi vinginevyo.

Mito ya makochi ya 40 kwa 40 inataka vipande vya 43 kwa 43. Kanga moja inatoa sita, mito mitatu mbele na nyuma. Fundi akikata kwa mfuatano tu, jina litagawanyika kati ya mito miwili, kwa hiyo mwambie apime kwanza kipande chenye jina, vingine vifuate.

Sasa nenda na kanga duka la rangi. Usichukue rangi iliyotawala, ukuta utashindana na pazia. Chukua ile inayojitokeza kidogo, labda kwenye mstari wa pindo, na uombe iliyopoa zaidi, kwa sababu rangi iliyo laini kwenye kadi huwa kali ikijaa kuta nne. Paka kwanza eneo la sentimita 60 kwa 60, uliangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Rangi ya maji ikikauka hukolea kuliko ilivyokuwa mbichi, usiihukumu papo hapo. Taa pia zibadilishe kabla ya kuamua: balbu ya mwanga mweupe, 6500K, huipa njano ya kanga sura ya mgonjwa, ya mwanga wa njano, 3000K, huirudishia uhai. Namba imeandikwa kwenye boksi.

Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita za mraba 32 za ukuta. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 64, na lita moja hupaka kama 10 kwenye ukuta laini. Nunua galoni mbili za lita 4, zote siku moja, uzimimine kwenye ndoo moja na kukoroga. Galoni iliyochanganywa wiki inayofuata huwa na tofauti ndogo, na itaonekana katikati ya ukuta.

Nyumba nyingi za kupanga zina rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta. Rangi ya maji juu yake hubanduka kama ganda la kitunguu usipoikwangua kwa msasa namba 120, kuifuta vumbi na kupaka andakoti, rangi ya chini ya kushikisha. Ukuta unaovimba na kutoa unga mweupe ni unyevu na chumvi, usiupake kabla chanzo hakijazibwa na ukuta haujakauka. Hilo ni la mwenye nyumba, na umwambie kabla hujatumia hela yako.

Fimbo ya pazia ikae sentimita 15 juu ya dirisha na izidi 15 kila upande. Toboa kwa dreli milimita 6, kina cha sentimita 5, ili plagi ishike kwenye tofali. Fimbo ikishuka na kipande cha lipu, tundu liliishia kwenye lipu.